Hesabu Imekaa Sawa

Jumanne hesabu ilipungua elfu thelathini.
Nikahesabu mara tatu, nikapindua daftari,
nikapekua chini ya zulia, ndani ya begi la Tunu la shule,
nikamkumbuka kila aliyetoa, kila aliyeweka,
yule wa kofia, yule mwenye haraka,
moyo ukinguruma kama jenereta la saluni ya jirani
umeme ukikatika Tabata.
Hofu ile niliijua. Ilikuwa na jina lake:
elfu thelathini.

Alhamisi zikaonekana.
Zilikunjwa ndani ya risiti ya LUKU,
noti tatu nyekundu, zimelaliana kama watoto.
Nikafunga hesabu. Ikakaa sawa mpaka shilingi ya mwisho.
Nikashusha geti la kibanda, nikatia kufuli,
na moyo ukaendelea kutafuta.

Ukatafuta Ijumaa.
Ukatafuta Jumapili, kwenye kicheni pati ya wifi yangu,
nimevaa sare, nimeshika sahani ya pilau,
unatafuta, na mimi sijui umepoteza nini.
Saa tisa usiku nipo macho, nahesabu misumari ya dari.
Arobaini na mbili.
Hakuna upungufu.

Wifi akasema: nani hana stresi Dar hii?
Kodi ya miezi sita, ada, maji ya kununua.
Mjini hapa ukilala fofofo, umeibiwa.
Mama Sauda akasema ni husuda ya biashara, akaleta ubani.
Hamduni, mume wangu, akasema pumzika,
akaniachia rimoti.
Nikaishika kama nimeachiwa mtoto wa mtu.

Wote walisema kweli, kweli ya kipande.

Kisha ile siku ya penseli.
Tunu kaivunja ncha, basi,
nami nikapiga kelele mpaka wateja wakatazamana.
Hakulia.
Alinitazama jinsi watu wanavyonitazama
mtandao ukisumbua:
kimya, pembeni ya kaunta,
akisubiri nirudi.

Jioni nikaenda duka la dawa la kona.
“Piritoni tena?” Zulekha akaniuliza.
“Mafua gani haya, dada, mwezi wa pili, hayana hata kamasi?”
Akaisukuma noti yangu juu ya kioo, ikanirudia.
“Hii sikuuzii.”
Akachukua kibahasha cha dawa,
na pale panapoandikwa moja mara tatu
akaandika jina la mtu, na namba.

Siku tisa kilikaa kwenye droo, chini ya sarafu.
Nilikuwa naiona Mirembe,
naona midomo ya mtaa: yule wakala, kumbe.
Siku ya kumi nikapanda bodaboda hadi Ilala,
nikamwambia dereva nakwenda kumwona mgonjwa.
Sikumdanganya sana.

Ni binti mdogo, kalamu yake ina alama za meno.
Nilidhani ataniuliza habari za hela.
Akauliza: “Mara ya mwisho kuamka ukiwa umepumzika, ni lini?”
Nikacheka.
Kicheko kikaenda, kikaenda, kikafika mahali
kikageuka.
Hakuniambia nyamaza. Alisogeza boksi la tishu
bila kulitazama.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza dirishani, kwa sauti ya chini,
huku unajifanya unatoa elfu tano,
utajuaje,
mimi najua hiki tu:
dhiki ya kila siku ina risiti.
Ukilipa, inakuachia. Ukilala, inapungua.
Lakini mzigo ukishatua na bega likabaki limeinama,
acha kuuliza mzigo ulikuwa wa nani.
Lipeleke bega likatazamwe.

Nimekwenda mara nne. Sijamaliza, sitakuongopea.
Ubani wa Mama Sauda bado nauchoma, unanukia vizuri.
Jana hesabu ilipungua elfu mbili.
Nikazitafuta.
Nikazikosa.
Nikalala.